Kila Kitu na Mahali Pake, Kila Mahali na Mtunzaji Wake: Mwongozo wa Kupanga Darasa kwa Walimu wa Kibaha na Kisarawe

Tangu Januari 2016, serikali ilipoanza kutekeleza mpango wa elimumsingi bila malipo, watoto wengi ambao zamani wangalibaki nyumbani kwa unyonge wa wazazi wao wamepata nafasi ya kuingia shuleni, na hilo ni jambo la kushukuriwa na kila aipendaye nchi yake. Lakini neema hiyo ilikuja na mzigo wake, na mzigo huo alitwikwa mwalimu. Katika shule zilizo kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, ambako nyumba mpya zinajengwa mwaka hata mwaka na watu wa Dar es Salaam wanahamia kwa wingi, si ajabu mwalimu akakuta watoto themanini au tisini katika chumba kimoja, ilhali kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Katika vijiji vya Kisarawe, upande wa Msanga, Maneromango na Mzenga, taabu aghalabu huwa ya namna nyingine: watoto si wengi kupita kiasi, lakini walimu ni wachache, kabati hakuna, na huenda mwalimu mmoja akalazimika kushika madarasa mawili kwa saa ile ile.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa pande zote mbili. Hauwezi kukupunguzia idadi ya watoto wala kukuongezea madawati, maana mambo hayo yamo mikononi mwa wengine. Azma yake ni kukuonyesha namna ya kuvitawala vile ulivyonavyo, kwa vifaa vinavyopatikana Pwani na kwa gharama ambayo mshahara wa mwalimu waweza kuistahimili. Kanuni yake ni moja tu, na hatua zote zitakazofuata ni matawi yake: kila kitu kiwe na mahali pake, kila mahali pawe na mtunzaji wake, na mtunzaji huyo awe mtoto mwenyewe.

KWA NINI MPANGILIO UTANGULIE

Sababu ya kwanza ni wakati. Dakika zinazopotea kwa kutafuta chaki, kugawa madaftari kwa kuita jina moja moja, na kungoja watoto wagombanie nafasi, hazionekani kuwa hasara kwa sababu hupotea kidogo kidogo. Lakini ukizijumlisha utaona kwamba hakuna mwizi aliyeliibia darasa lako zaidi ya hizo.

Kisanduku cha hesabu
- Kuita jina na kumkabidhi mtoto daftari huchukua yapata sekunde 5. Kwa watoto 90 ni sekunde 450, yaani dakika 7 na nusu: karibu sehemu ya tano ya kipindi cha dakika 40.
- Tuseme unapoteza dakika 5 tu katika kila kipindi, na una vipindi 6 kwa siku. Hiyo ni nusu saa kila siku.
- Mwaka wa masomo wa siku 194 utakuwa umepoteza saa 97, ambazo ni vipindi 145 na ushei. Kwa shule yenye vipindi 8 kwa siku, hizo ni siku 18 za masomo.

Sababu ya pili ni insafu. Darasa lisilo na utaratibu huwapendelea wenye nguvu: mwenye kifua hukaa mbele, mwenye sauti hujibu maswali, mwenye mikono myepesi hupata kitabu, na yule mpole aliyekaa pembeni, ambaye huenda ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote, hupitwa muhula mzima pasina mwalimu kujua kwamba hasomi. Utaratibu mwema humpa mnyonge haki yake bila yeye kulazimika kuidai.

Sababu ya tatu ni heshima ya kazi yako. Mwalimu asiyekuwa na taratibu hulazimika kutawala kwa kelele, na kelele zikishindwa hushika fimbo; nayo fimbo, kwa mujibu wa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, si ya kila mwalimu, bali huamuliwa na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, kwa kosa kubwa, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu. Mtoto aliyesahau mahali pa kuweka daftari hana kosa kubwa. Ana haja ya kufundishwa mahali pa kuweka daftari.

Na kwa nini mtunzaji awe mtoto? Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kuacha kazi ya ualimu mwaka 1955 alikuwa akifundisha Pugu, kwenye vilima vile vile vinavyopakana na Kisarawe, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba wanafunzi washiriki katika maamuzi na kazi za shule yao, wasihudumiwe tu. Watu wengi walipolisoma agizo hilo waliona jembe na shamba. Lakini dawati, rafu, ubao na mtungi wa maji navyo ni mahali ambapo mtoto huanza kujifunza kubeba dhamana.

HATUA YA KWANZA: HESABU KABLA YA KUHAMISHA

Usianze kusukuma madawati kabla hujajua unacho nini. Chagua alasiri moja baada ya watoto kuondoka, uingie darasani na daftari na kalamu.

1. Hesabu watoto walio katika rejesta, kisha wale wanaohudhuria kweli. Panga chumba kwa hesabu ya kwanza, maana siku wote wakija hapana budi wote wapate mahali.
2. Hesabu madawati mazima, mabovu yanayoweza kutengenezwa, na yasiyofaa kabisa. Haya ya mwisho yatoe nje kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kwa kuwa dawati lililovunjika ni hatari na linakula nafasi.
3. Hesabu vitabu vya kiada kwa somo, ukiandika vilivyochanika.
4. Kaa katika kila pembe ya nyuma, kwa kimo cha mtoto, ukautazame ubao. Andika mahali ambapo mwanga unaumeremetesha hata maandishi yasionekane, na uangalie asubuhi na alasiri, kwani jua huhama.
5. Tazama dari au bati, utafute matundu. Masika ya Machi hadi Mei yatakuonyesha kwa nguvu kile ambacho ungaliweza kukiona mapema kwa macho. Mahali panapovuja pasiwe na rafu wala chati.

HATUA YA PILI: MADAWATI NA NJIA

Njia ni bora kuliko safu. Walimu wengi hupanga madawati kwanza na kuacha njia ziwe masalio, na matokeo yake ni kwamba mwalimu hubaki mbele kama aliyezingirwa, na watoto wa nyuma hawaioni sura yake isipokuwa kwa mbali. Wewe anza kwa kuchora njia.

1. Acha nafasi ya dhiraa nne hivi, yaani karibu mita 2, kati ya ubao na dawati la kwanza, ili watoto wa mbele wasiumie shingo na wewe upate mahali pa kusimama.
2. Chora njia kuu moja kutoka mlangoni hadi nyuma ya chumba, ambayo unaweza kuipita bila kugeuka ubavu, na isiwekwe mkoba wala ndoo wakati wowote. Hiyo ndiyo njia ya kutokea kukitokea moto au jambo lolote la ghafula.
3. Kwa watoto 90 na madawati 30 ya watu watatu, jaribu mistari mitano ya madawati sita, ukiisogeza mistari miwili ya pembeni hadi ukutani. Utapata njia nne; mojawapo iwe ile kuu, hata kama nyingine zitakuwa nyembamba.
4. Kama inawezekana, madirisha yenye mwanga zaidi yawe upande wa kushoto wa watoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie daftari.
5. Weka alama ndogo ya rangi sakafuni penye mguu wa kila dawati. Baada ya kufagia, watoto hurudisha madawati kwenye alama, nawe hutahitaji kusema neno.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mtoto atende na asikae akisikiliza tu, na kwa sababu hiyo kazi ya vikundi haikwepeki. Usidhani kwamba vikundi huhitaji kuburuta madawati kila kipindi. Kwa dawati lililounganishwa na benchi lake, watoto wa dawati la kwanza, la tatu na la tano hugeuka tu kutazama wenzao walio nyuma yao. Mara moja umepata vikundi vya watoto sita, na sakafu haijapiga kelele.

Ikiwa madawati hayatoshi, tandika jamvi au mikeka mbele, pembeni mwa ubao, na uweke zamu ya kila siku ya kukaa hapo. Ni dhuluma watoto wale wale kukaa chini mwaka mzima, na dhuluma hiyo hujificha nyuma ya neno la kwamba wameshazoea.

HATUA YA TATU: NANI AKAE WAPI

Usiwaache watoto wachague, wala usiwapange kwa alama za mtihani, maana mtoto aliyewekwa katika dawati la wajinga hujifunza kwanza kwamba yeye ni mjinga.

- Asiyeona au asiyesikia vizuri akae mbele, naye mzazi wake apewe habari kwa upole.
- Mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua, na aruhusiwe kusogea ubaoni wakati wowote bila kuomba.
- Anayeandika kwa mkono wa kushoto akae mwisho wa kushoto wa dawati, ili viwiko visigombane.
- Mwenye ulemavu wa viungo akae penye njia kuu, karibu na mlango.
- Waliobaki, changanya wavulana na wasichana, wepesi na wazito wa kusoma.

Kisha zungusha safu: kila baada ya wiki mbili, dawati la nyuma lije mbele na mengine yarudi nyuma nafasi moja, isipokuwa wale waliopangiwa mahali kwa sababu maalumu. Watoto huhama na vitu vyao. Madawati hubaki kwenye alama zake. Andika ramani ya makao katika karatasi moja, uibandike ndani ya kifuniko cha rejesta, ili mwalimu yeyote atakayeshika kipindi chako awajue watoto kwa majina.

HATUA YA NNE: UBAO NA KUTA

Ubao ugawe katika sehemu tatu kwa mistari miwili ya wima. Sehemu nyembamba ya kushoto ni ya tarehe, somo, mada na idadi ya watoto waliohudhuria. Ya katikati, iliyo pana, ni ya kazi ya kipindi. Ya kulia ni ya msamiati na kazi ya nyumbani, nayo haifutwi hadi mwisho wa siku. Ukiisha kuandika mstari wa kwanza, nenda hadi kiti cha mwisho kabisa ukausome. Kama wewe mtu mzima unakaza macho, mtoto hasomi. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwani vumbi la chaki linalotimka kwa kupigwa kifutio huingia vifuani mwa watoto wa mbele.

Tahadhari: kama rangi ya ubao imechakaa, mwombe mwalimu mkuu rangi ya ubao. Ile desturi ya kupasua betri kuukuu na kupaka masizi yake uiache. Yana madini yanayodhuru pumzi na mikono ya watoto wanaotumwa kuyasaga.

Katika kuta, jitahidi kuwa na vitu vichache vinavyotumika badala ya vingi vya kutazamwa. Kwa chati zinazodumu, karatasi ya dukani ni ghali na mchwa huipenda. Tumia mifuko ya salfeti, ile ya kusokotwa inayotiwa unga au mchele. Ipasue, ioshe, ianike, kisha iandike kwa markapeni. Haichaniki upesi, hailiwi na mchwa, na masika yakiipiga huanikwa tena. Shona ufito juu na chini ili ikunjwe kwa kuviringishwa, jambo la lazima pale chumba kinapotumiwa na mkondo mwingine wa mchana.

1. Funga kamba ya katani kutoka ukuta hadi ukuta, kwa urefu ambao mtoto hataufikia kwa kuruka.
2. Tundika chati kwa vibanio vya nguo. Misumari hubomoa lipu.
3. Ondoa chati ya mada iliyokwisha. Chati iliyokaa miezi sita haionwi tena na mtu.
4. Kwa karatasi ndogo, gundi ya uji mzito wa unga wa muhogo yatosha. Lakini huwavuta mende na panya, basi isitumiwe karibu na rafu ya vitabu.

HATUA YA TANO: HIFADHI BILA KABATI

Mwalimu wa Pwani asilie kwamba hana kabati ilhali amezungukwa na minazi, miyaa na mafundi wa kusuka. Vikapu vya ukili, vifuu vya nazi, fito na tofali vyaweza kukupa hifadhi nzuri, na ukiwaomba bibi na babu wa watoto waje kusuka mbele ya darasa, utakuwa umepata somo la kazi za mikono pamoja na vikapu.

1. Rafu: panga mbao juu ya tofali. Ubao wa chini kabisa uinuke shubiri moja kutoka sakafuni, na rafu nzima isiguse ukuta, bali iachwe vidole vinne, ili mchwa akipanda umwone.
2. Vikapu vya madaftari: kimoja kwa kila mstari wa madawati, chenye kitambaa cha rangi yake. Mstari wa kijani na kikapu cha kijani; hata mtoto wa darasa la kwanza asiyejua kusoma hatakosea.
3. Vifuu: kimoja cha vipande vya chaki, kimoja cha penseli zilizookotwa, kimoja cha vichongeo.
4. Vihesabio: vizibo vya soda, vijiti na mbegu za ukwaju vyatosha. Maganda ya korosho yasitumiwe, kwa sababu mafuta yake huchoma ngozi. Vifunge kumi kumi katika vifuko.
5. Zana za mwalimu: rejesta, azimio la kazi, andalio la somo na shajara ya somo viwe katika mkoba mmoja, na mkoba huo ulale ofisini.

Majani makavu ya mwarobaini yakiwekwa kati ya vitabu husaidia kufukuza wadudu, nayo hubadilishwa kila mwezi. Lakini dawa iliyo bora kuliko majani ni kuvitoa vitabu vyote nje kila mwisho wa mwezi, kuvipangusa na kuviangalia.

HATUA YA SITA: WATUNZAJI

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu. Kiranja mmoja hawezi kubeba darasa zima, na akijaribu atakuwa mkaripiaji badala ya kiongozi. Gawa dhamana katika vipande vidogo, kila kimoja kiwe chepesi kiasi cha mtoto kukiweza na kizito kiasi cha kumpa taadhima mbele ya wenziwe.

- Mtunza madaftari, mmoja kwa kila mstari
- Mtunza vitabu, wawili
- Mtunza ubao na chaki
- Mtunza madirisha na mlango
- Mtunza maji na kibuyu chirizi
- Mtunza zana za hesabu na chati
- Mtunza wageni, ambaye humkaribisha mtoto mpya au aliyekuwa mgonjwa na kumwonyesha kazi iliyompita

Fuata mpango huu katika kuwaweka:

1. Lieleze darasa kwamba vitu hivi ni amana, na amana hukabidhiwa mbele ya mashahidi.
2. Onyesha kazi kwa vitendo, kisha mwache mtoto aifanye mbele ya wote, nawe umsahihishe papo hapo.
3. Andika majina katika chati ya dhamana.
4. Badilisha kila mwezi. Mtunzaji anayeondoka humfundisha anayeingia kwa siku mbili, na wewe usiingilie isipokuwa wakikwama.
5. Hakikisha kwamba kwa mwaka mmoja kila mtoto ameshika dhamana angalau mara moja, hasa yule mtundu, ambaye mara nyingi hutulia siku anapoaminiwa.

HATUA YA SABA: TARATIBU ZA KILA SIKU

Utaratibu hufundishwa sawasawa na hesabu: huelezwa, huonyeshwa, hurudiwa, na hupimwa. Tumia wiki ya kwanza ya muhula kwa kazi hiyo bila kuona kwamba unachelewesha mada.

Kugawa na kukusanya madaftari
1. Mtunza madaftari wa mstari huchukua kikapu chake, huanza dawati la mbele, na kupitisha madaftari nyuma.
2. Mistari yote mitano hufanya hivyo kwa wakati mmoja. Kazi iliyokuwa ya dakika saba hupungua ikawa ya dakika moja au mbili.
3. Wakati wa kukusanya, kila daftari hupitishwa mbele likiwa limefunuliwa penye kazi ya siku ile, ili usipoteze wasaa wa kutafuta ukurasa unaposahihisha.

Ruhusa ya kwenda chooni
Tundika mlangoni vibao viwili vya mti, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana. Anayetoka huchukua kibao bila kukatiza somo. Kibao kisipokuwepo, hungoja. Mtoto wa awali na wa darasa la kwanza asingojeshwe, wala msichana aliye katika hedhi asiulizwe mbele ya watu.

Ishara ya kunyamaza
Chagua ishara moja, kama mkono ulioinuliwa au makofi matatu, usibadili. Usianze kusema hadi ukimya uwe kamili. Ukisema juu ya kelele mara moja tu, umewafundisha kwamba kelele inaruhusiwa.

Kisanduku: madarasa mawili, mwalimu mmoja
- Yakiwa chumba kimoja, yakae yakipeana migongo: moja litazame ubao, jingine litazame chati ya salfeti ukuta wa nyuma.
- Anza na kundi la wadogo kwa umri, uwape kazi ya kuandika ya dakika kumi, kisha hamia kwa wakubwa.
- Yakiwa vyumba viwili, omba vinavyopakana, na kila darasa liwe na kazi ubaoni kabla hujaondoka.
- Weka mtunza kikundi mmoja kwa kila watoto sita. Asifundishe mada mpya, bali asimamie mazoezi.

HATUA YA NANE: USAFI

Ardhi ya Pwani ni ya kichanga, na miguu ya watoto huileta darasani kila asubuhi. Darasa lifagiliwe alasiri baada ya masomo, kwa kunyunyiza maji kwanza na kufungua madirisha, ili vumbi litue usiku na asubuhi watoto wasilivute. Weka nje ya mlango kipande cha gunia cha kupangusia miguu, na kibuyu chirizi chenye sabuni penye kivuli. Maji ya kunywa yawe katika ndoo yenye kifuniko na koki. Kikombe kimoja kinachochovywa na watoto tisini ni njia ya maradhi.

Zamu ya kufagia iwe ya wavulana na wasichana kwa hesabu sawa. Wala usimrudishe mtoto nyumbani kwa kukosa mfagio wa chelewa: haja yoyote ya vifaa ifikishwe kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, maana elimu iliyotangazwa kuwa bila malipo haifai kupandishiwa ada mlangoni mwa darasa.

MAKOSA YAFANYWAYO MARA KWA MARA

1. Kuanza yote siku moja. Darasa huvumilia badiliko moja au mawili kwa wiki; ukileta kumi, yote hufa.
2. Kupamba badala ya kupanga. Kuta zilizojaa picha hazimsaidii mtoto asiyejua daftari lake liko wapi.
3. Kumpa dhamana mtoto yule yule kwa kuwa ni mwaminifu. Wengine hawatajifunza uaminifu kwa kumtazama.
4. Kumnyang'anya mtoto dhamana mbele ya darasa kwa kosa la kwanza. Mwite kando, mwonyeshe tena.
5. Kuwatuma watunzaji kazi za nyumbani kwa mwalimu. Dhamana ya darasa haivuki ua wa shule.
6. Kukumbuka kwa kichwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

ORODHA YA UKAGUZI WA IJUMAA

Dakika kumi za mwisho wa wiki, watunzaji wasimame mmoja mmoja watoe taarifa, nawe uweke alama:

☐ Madawati yote yako kwenye alama zake
☐ Njia kuu haina kitu
☐ Vitabu vya kiada vimehesabiwa; vilivyochanika vimetengwa vikarabatiwe
☐ Vikapu vya madaftari vimo rafuni, kila kimoja na rangi yake
☐ Rafu haina dalili ya mchwa wala panya
☐ Chati za mada zilizokwisha zimeviringishwa
☐ Ndoo ya maji na kibuyu chirizi vimeoshwa
☐ Vibao vya ruhusa viko mlangoni
☐ Zamu ya wiki ijayo imeandikwa
☐ Hakuna mtoto aliyekaa chini zaidi ya zamu yake

HATUA YA TISA: MAKABIDHIANO

Kila kitabu kiwe na namba na kila namba iandikwe katika daftari la darasa, pamoja na jina la mtoto au dawati lililokabidhiwa. Mwezi wa mwisho wa mwaka, kaa na mwalimu atakayekupokea, mhesabu pamoja, mtie sahihi wote wawili, kisha umwachie vitu vitatu: daftari la vifaa, ramani ya makao, na chati ya dhamana yenye majina ya watoto waliokwisha kuijua kazi yao.

Wenyeji wa Kibaha wanao mfano wa makabidhiano ya namna hiyo karibu nao. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 na nchi za Kaskazini mwa Ulaya pamoja na Tanganyika kwa ajili ya kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, wenye shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, ulikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, nao hadi leo ndio Shirika la Elimu Kibaha. Darasa lako ni dogo kuliko hilo, lakini sharti lake ni lile lile: liwe katika hali ambayo mtu mwingine anaweza kulipokea na kuliendesha. Kipimo hicho huna haja ya kukingoja hadi Desemba. Siku utakapoitwa kwenye semina au utakapougua, muulize mwalimu aliyeshika kipindi chako kama madaftari yaligawiwa, kama ubao ulifutwa, na kama mtoto mgeni alipata mahali pa kukaa. Akisema kwamba watoto walifanya yote hayo wenyewe, basi mpangilio umekwisha kuwa wao, nawe waweza kuutumia wakati wako wote kwa kufundisha.